Usimwambie Ajikaze Kabla Hujauliza Amekula Nini

Wasee, hii posti ni ndefu. Kama uko kwa matatu na bando limebaki kidogo, isevu uisome baadaye. Lakini usome.

Nina binamu yangu anaishi karibu na Kakuma. Alipokuwa na miaka 17 alianza kunyamaza. Sio ule unyamavu wa mtu amekasirika, hapana. Alikuwa tu hana nguvu ya kuongea. Akitoka shule analala. Akiamka anakaa mlangoni anaangalia barabara. Masomo yakashuka, marafiki wakaacha kumtafuta. Kila mtu nyumbani alikuwa na maelezo yake: shangazi akasema ni uvivu, mjomba akasema ni mambo ya mvulana, jirani akasema kuna mkono wa mtu. Mimi nilikuwa Lodwar, kama kilomita 120 kutoka kwao, nikamtumia meseji ambayo hadi leo naionea aibu. Nilimwandikia: "Jikaze, dada. Maisha ni magumu kwa kila mtu."

Walimpeleka zahanati moja. Wakaangalia viganja vyake na ndani ya macho, wakasema yuko sawa, arudi nyumbani apumzike. Miezi miwili baadaye, kwingine, daktari kijana akatoa damu na kuipima. Damu ilikuwa chini sana. Kisha akamuuliza maswali mawili ambayo hakuna yeyote kati yetu alikuwa ameuliza: "Unakula nini?" na "Unajisikiaje moyoni?"

Jibu la swali la kwanza lilikuwa ugali na maharagwe, siku zingine ugali na chai ya rangi, na siku zingine chai tu. Jibu la swali la pili lilichukua saa nzima, na alilia karibu muda wote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu chakula na akili. Nilidhani ni mambo mapya ya mitandaoni, yale ya watu wa kuuza vidonge. Kumbe ni historia ndefu, na sehemu kubwa yake inapita hapa kwetu Turkana.

Tuanze na nyanya yangu

Nyanya hajui neno vitamini. Neno lenyewe si la zamani sana. Lilibuniwa mwaka 1912 na mwanasayansi kutoka Poland, Casimir Funk. Lakini muulize nyanya walikula nini akiwa msichana, atakuhesabia kwa vidole. Maziwa ya ngamia, ya ng'ombe, ya mbuzi. Maziwa yaliyokaushwa, edodo, ya kuweka kwa ajili ya kiangazi. Damu iliyotolewa kwenye mshipa wa shingo ya mnyama bila kumuua, ikachanganywa na maziwa. Nyama mnyama akichinjwa. Halafu matunda ya porini: eng'ol, yaani matunda ya mkoma, edome, edung, esekon.

Watu wa mjini wakisikia damu wanakunja uso. Sawa, kunja. Lakini hebu tuangalie hiyo sahani kama mtu wa maabara. Damu ina madini ya chuma. Maziwa na nyama vina vitamini B12, ambayo mimea haina. Maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, na matunda ya porini yaliongezea. Watafiti waliokaa na wafugaji wa Turkana kusini miaka ya 1980 walikuta kwamba zaidi ya nusu ya nguvu iliyopatikana kwa chakula ilitoka kwa maziwa peke yake. Jangwani, bila shamba, watu walikuwa wamepanga mlo ambao mwili na ubongo vinauhitaji.

Sisemi ilikuwa paradiso. Njaa zilikuwepo na wazee wanazitaja kwa majina. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 wanaiita Lopiar, kufagia, kwa sababu ilifagia mifugo. Ninachosema ni hiki: mifugo ilipokufa, watu walipoteza mali, na pamoja na mali wakapoteza B12 yao, chuma chao na vitamini zao. Kilichokuja badala yake kwa lori ni mahindi. Mahindi yaliokoa maisha, tusikatae. Lakini mahindi hayawezi kufanya kazi ya ngamia.

"Waafrika hawapati depresheni"

Wakati huohuo, huko Nairobi, serikali ya kikoloni ilikuwa na mtaalamu wake wa akili zetu. Aliitwa J. C. Carothers, na aliongoza hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mojawapo ya mambo aliyoshikilia ni kwamba depresheni ni nadra sana kwa Waafrika. Sababu zake? Ati Mwafrika habebi majukumu mazito kama Mzungu, na ati sehemu ya mbele ya ubongo wake haitumiki vya kutosha. Mwaka uliofuata serikali ikachapisha maandishi yake mengine, kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Sasa angalia ramani. Mwaka huohuo wa 1953 Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa Kapenguria. Walifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, alipewa kazi ya jikoni, akapikia wenzake. Mwaka 1959 akahamishiwa hapa Lodwar akae chini ya ulinzi, hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Turkana ilikuwa mahali pa kuwaweka watu ili wasahaulike. Na mtaalamu rasmi alikuwa anaandika kwamba watu kama hao hawana uwezo wa kuzama kwa huzuni.

Kwa nini nakukumbusha haya? Kwa sababu ule msemo wa "depresheni ni ya Wazungu" tunaorushiana leo mitandaoni hatukuutoa kwa babu zetu. Uliwahi kuandikwa na daktari wa mkoloni. Tunaurudia bure, bila hata kulipwa.

Mahindi, na watu waliofungiwa bila kosa

Ukitaka ushahidi kwamba kukosa vitamini kunaweza kuharibu akili, nenda Marekani ya kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Maelfu ya watu maskini, weusi kwa weupe, walipata ugonjwa unaoitwa pelagra. Ngozi inababuka, tumbo linaharisha, halafu kichwa kinaanza: huzuni, kukosa usingizi, woga, kuchanganyikiwa. Wengi waliishia kufungiwa hospitali za wagonjwa wa akili. Watu walisema ni ambukizo. Wengine walisema ni damu mbaya ya ukoo.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger achunguze. Aliona jambo moja rahisi sana: kwenye hospitali hizo na nyumba za mayatima, waliokaa humo walipata pelagra, lakini wafanyakazi hawakuipata. Ambukizo haliangalii nani ana sare ya kazi. Tofauti ilikuwa sahani. Mwaka 1915 aliwapa wafungwa waliojitolea huko Mississippi, kwa ahadi ya msamaha wa gavana, chakula kile cha maskini kilichojaa mahindi. Ndani ya miezi kadhaa baadhi yao wakaugua. Wakubwa bado hawakuamini. Kwa hiyo yeye, mkewe na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa kuonyesha kwamba haiambukizi. Hakuna aliyeugua.

Mwaka 1937 mkemia Conrad Elvehjem aligundua kilichokosekana: niasini, vitamini B3. Wagonjwa wa pelagra walipopewa, baadhi yao waliokuwa wamechanganyikiwa walirudi kuwa wao ndani ya siku chache. Hebu fikiria. Kuna watu waliitwa wendawazimu kwa miaka, kumbe walikuwa wanakosa kiasi kidogo tu cha vitamini kwa siku.

Mahindi yenyewe yana niasini, ila imefungwa, mwili hauwezi kuitoa. Watu wa Mexico walijua tangu zamani kuchemsha mahindi na chokaa, na hiyo chokaa ndiyo inaifungua. Dunia ilichukua mahindi yao ikaacha maarifa yao. Na hapa Kenya, mtu wa kwanza kuchanganya mahindi na maharagwe akapata githeri alitufanyia jambo kubwa, kwa sababu maharagwe yanasaidia kuziba hilo pengo. Mnaodharau githeri, ombeni msamaha.

Usifikiri pelagra iliisha na hao. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga kwenye mgao wao. Karanga tu. Mwaka huo zaidi ya watu 17,000 waliugua pelagra.

Sasa twende Kakuma

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Kati ya wa kwanza kufika ni vijana wa Sudan, wale dunia iliwaita Lost Boys, maelfu ya watoto waliotembea hadi Ethiopia wakikimbia vita, wakafukuzwa tena 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka, wakatembea tena hadi wakaingia Turkana. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengine.

Chakula cha kambi kilipangwa kwa hesabu. Mgao kamili wa binadamu kwenye dharura ni kama kalori 2,100 kwa siku: nafaka, kunde, mafuta, chumvi. Mafuta huongezewa vitamini, chumvi huongezewa madini ya joto. Ni hesabu nzuri kwa miezi sita. Lakini Kakuma si ya miezi sita. Kuna watu wazima wenye watoto ambao wamezaliwa na kukulia kwa huo mgao. Na mkimbizi hapo haruhusiwi kufuga kama anavyotaka, kwa sababu malisho ni ya wenyeji na mifugo imewahi kuleta damu. Kwa hiyo mtu anauza sehemu ya mgao ili anunue kuni, maziwa, au sukuma wiki. Mama Mturkana naye anatembea na mzigo wa kuni kichwani ili apate unga. Wote wawili wanakula nafaka ileile.

Matokeo yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia vijana wa kambi wa miaka 10 hadi 19. Asilimia 46 walikuwa na upungufu wa damu. Asilimia 43 walikosa chuma cha kutosha. Asilimia 15 walikosa vitamini A. Na kitu kilichonifanya niweke simu chini: kuangalia weupe wa viganja kulikosa wengi sana wa wale waliokuwa na upungufu. Viganja vya binamu yangu pia vilikuwa "sawa".

Watu walijaribu kurekebisha. Februari 2009 Shirika la Mpango wa Chakula, WFP, lilileta unga wa vitamini na madini uitwao MixMe, pakiti ndogo ya kunyunyizia chakula. Mara ya kwanza karibu kila mtu alichukua. Baada ya miezi michache wengi wakaacha. Watafiti walipouliza kwa nini, shida ilikuwa maelezo hayakutosha, na pakiti zenyewe ziliwatia watu shaka. Mimi siwalaumu. Ukiletewa pakiti inayong'aa uweke kwa chakula cha mtoto wako bila mtu kukaa chini na wewe, ungeweka?

Mwaka 2011 kikatokea kitu kingine kinachotuhusu ingawa kilikuwa mbali. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliripoti kwamba wakimbizi wa Bhutan waliohamia Marekani, baada ya miaka mingi ya kambi za Nepal, wengi wao walikuwa na upungufu wa vitamini B12. Mgao wao? Mchele, kunde, mafuta. Nyama na maziwa kwa nadra. B12 ikipungua, mtu anachoka, anasahau, mikono na miguu inakufa ganzi, na moyo unaweza kuzama. Ukimwangalia tu, unaona mtu aliyevunjwa na ukimbizi. Na huenda amevunjwa kweli. Lakini pia anakosa kitu ambacho sindano ingerudisha.

Kisha ikaja 2025. Pesa za wafadhili zilikatwa, na kufikia Juni WFP ikashusha mgao wa wakimbizi Kenya hadi asilimia 28 ya mgao kamili. Tayari mwezi Machi watu wa Kakuma walikuwa wameingia barabarani kuandamana. Niliona komenti hapa mtandaoni: "Hawa nao wamezidi kulalamika." Ndugu yangu, wewe ukikosa lanchi unagombana na makanga.

Sasa, tusidanganyane

Najua kuna mtu tayari anaandika: kwa hivyo depresheni ni kukosa vitamini tu, wacha ninunue vidonge. Hapana. Simama hapo.

Mwaka 2020 matokeo ya jaribio kubwa la Marekani yalitoka. Zaidi ya watu 18,000 wa umri wa miaka 50 na zaidi walifuatwa kwa miaka kadhaa, nusu wakipewa vitamini D na nusu wakipewa vidonge visivyo na dawa. Vitamini D haikuzuia depresheni. Maana yake ni kwamba mtu ambaye hana upungufu hapati furaha kwa kumeza zaidi. Yule anayekuuzia peremende za vitamini kwa elfu tatu akisema zitaondoa huzuni yako, anataka tu hiyo elfu tatu.

Na kuna jaribio la zamani zaidi. Kati ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wote wazima wa mwili na akili. Baada ya miezi kadhaa walikuwa wanaota chakula, wanakasirika ovyo, wanajitenga, wengine wamezama kabisa kwa huzuni. Hawakuwa na vita nyumbani wala mtoto wa kuzika. Njaa peke yake iliwafanya hivyo. Na wakati wa kuwarudisha, vidonge vya vitamini havikufanya maajabu. Kilichowarudisha ni chakula cha kutosha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Huzuni ya Kakuma ina mizizi mingi. Kuna vita, kuna kupoteza watu, kuna kungoja miaka ishirini bila kujua unangoja nini. Huzuni ya Lodwar nayo ina ukame na ukosefu wa kazi. Vitamini haziwezi kufuta hayo. Lakini ubongo ni nyama kama nyama nyingine ya mwili. Unahitaji chuma, folati na B12 ndio utengeneze kemikali zake. Ukimwambia mtu mwenye ubongo wenye njaa "jikaze", unamwomba atumie kitu ambacho hana.

Ndiyo maana nataka mambo matatu. Moja, kijana yeyote akipelekwa kliniki kwa sababu ya huzuni au uchovu usioisha, apimwe damu, asiangaliwe viganja tu. Na akipelekwa kwa upungufu wa damu, aulizwe moyo wake ukoje. Mbili, tuache kupima msaada kwa kalori peke yake. Ziwa Turkana liko karibu, lina samaki, na samaki ana B12. Wenyeji wana mbuzi na maziwa. Mkimbizi akiwa na pesa mkononi na soko likiwepo, Mturkana anauza na mkimbizi anakula, wote wanapona kidogo. Tatu, sisi wa mitandaoni tuache kurudia maneno ya Carothers.

Binamu yangu alipewa vidonge vya chuma na folati kwa miezi kadhaa, na mshauri wa kuongea naye kila wiki mbili. Hakuamka siku moja akicheza. Kwanza alirudisha rangi ya midomo, baadaye usingizi wa kawaida, baadaye sana kicheko. Hadi leo kuna siku mbaya. Juzi alinipigia akaniambia amekula samaki wa Kalokol na alikuwa na mifupa mingi. Alilalamika dakika kumi nzima. Nilifurahi kumsikia akilalamika.

Na ile meseji yangu ya "jikaze" bado anayo kwa simu. Nilimwomba aifute, akakataa. Alisema ataiweka hadi nijifunze kuuliza. Kwa hiyo nauliza, na wewe unayesoma pia: leo umekula nini? Na moyo uko aje? Kama jibu la swali la pili ni zito, usikae nalo peke yako. Ongea na mtu unayemwamini, nenda kliniki iliyo karibu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure.

Niambie kwa komenti. Nitasoma zote.